Namba ya Siri ya Huseni

Sijawahi kuiamini simu ya ofisi, na sijawahi kumwamini mtu anayekaa karibu nayo bila sababu. Waniite polisi, waniite mchawi, nimeshaitwa yote. Nilikuwa ofisa utawala wa mradi wa mikoko pale Kibiti, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha fedha ya wafadhili inakwenda kwenye mikoko, si kwenye maongezi ya mtu na shemeji yake wa Temeke.

Zamani tulikuwa na simu moja tu, ya kuzungusha. Nikaitia kufuli dogo kwenye tundu la namba, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Bili ikaja kubwa vilevile. Ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba wenzangu hawaizungushi kabisa. Walikuwa wanagonga kile kitufe cha kukatia, mara sita kwa sita, mara mbili kwa mbili, kwa subira ya fundi saa, mpaka Dar es Salaam inaitika. Tangu siku hiyo nikajua ninafanya kazi na watu gani.

Basi mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya mafuriko ya El Nino, fundi alipokuja na kisanduku kipya cha simu, nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo. Kilifungwa ukutani nyuma ya kiti changu. Kila meza ilipata simu yake, na laini za kutokea nje zilikuwa mbili. Mtu akitaka kupiga nje lazima kwanza abonyeze namba yake ya siri, tarakimu nne, na kisanduku kinajua yeye ni nani na ameruhusiwa kufika wapi. Halafu mashine ndogo ya kuchapa, niliyoifungia kabatini kwangu, inatoa karatasi: siku, saa, dakika, namba iliyopigwa, meza iliyotumika, na namba ya siri ya mpigaji.

Ruhusa niligawa mimi. Bwana Zebedayo, meneja wetu, alipewa nchi nzima na ng'ambo. Maofisa wa misitu walipewa Utete na Dar. Huseni Mbonde, nahodha wa boti, nilimpa Dar peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiagiza vipuri vya injini. Mwanabaraka, binti wa mapokezi, sikumpa kitu. Aliponiuliza inakuwaje mtu wa simu asiruhusiwe kupiga simu, nilimwambia ameajiriwa kupokea. Na simu yoyote, ya mtu yeyote, nilikiamuru kisanduku kiikate ikifika dakika ya kumi na mbili, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Namba za siri kila mmoja alijichagulia, akaiandika kwenye karatasi, akanikabidhi ndani ya bahasha. Bwana Zebedayo aliandika moja mara nne, kwa sababu bosi hana muda wa kukumbuka. Huseni aliandika yake palepale mbele yangu bila hata kukuna kichwa: 0786. Nikamwambia namba ya siri ifikiriwe kwanza.

"Hii imeshafikiriwa, Mama Deo," akanijibu, akatabasamu, akaenda zake.

Nikaona ana jeuri. Nikaiandika daftarini.

Mwezi Agosti karatasi ilinipa nilichokuwa nikikingojea. Namba moja ya Dar es Salaam, imepigwa mara saba, kila Jumanne na kila Ijumaa, saa saba na dakika chache mchana, wakati wa chakula. Kila mara mpaka dakika ya kumi na mbili, mpaka kisanduku kinakata. Meza: ya mapokezi. Mpigaji: 0786.

Nikafungua daftari la safari za boti. Huseni alikuwa ameondoka Nyamisati na watafiti tangu tarehe mosi, yuko Kiongoroni, kule kwenye delta karibu na bahari ambako hata simu hakuna. Tulikuwa tunaongea naye kwa redio. Mtu yuko Kiongoroni, namba yake iko Kibiti inapiga Dar.

Nilipeleka karatasi kwa Bwana Zebedayo. Alikuwa mtu wa bara kama mimi. Yeye wa Upare, mimi Mngoni wa Peramiho. Aliisoma, akavua miwani.

"Amegawa namba," akasema.

"Ameigawa. Au ameiuza."

"Mama Deo, wafadhili wanataka tupunguze mtu mmoja kabla ya mwezi kwisha. Hiyo unaijua. Huseni ana miaka kumi na minne hapa. Tukimpunguza, tunamlipa kiinua mgongo. Akifukuzwa kwa wizi hatumlipi hata nauli." Akaniangalia kuona kama nimeelewa. "Nataka barua mezani Jumatatu asubuhi, na jina la mwizi ndani yake. Ukikosa jina jingine, weka lenye namba."

Nilielewa sana. Huseni alikuwa na watoto watano na nyumba Ruaruke iliyofika usawa wa madirisha, naye bado amepanga hapa Kibiti. Mji mzima ulijua kwamba kiinua mgongo ndicho kingeiezeka. Sikumwonea huruma. Mwizi naye ana nyumba, nilijiambia.

Aliporudi Jumatano nilimwita ofisini, nikamwekea karatasi mbele yake. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari.

"Siku hizi zote mie nilikuwa delta, Mama Deo. Wewe ndiye uliyekuwa waniita kwenye redio."

"Ndiyo. Kwa hiyo nani uliyempa namba yako?"

"Sikumpa mtu."

"Basi imejipiga yenyewe."

"Hilo mie silijui. Lakini sikumpa mtu, wallahi." Hakupandisha sauti. Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nisingependa kuondoka kazini kwa jina la wizi. Niondoke kwa jingine lolote, hilo hapana."

Utulivu wake ulinikera. Mtu asiye na kosa, mimi nilivyojua, hugombana. Alipotoka nikafunga mlango, nikabonyeza namba yangu ya siri, nikaipiga ile namba ya Dar.

"Haloo, dukani hapa," akasema mwanamume, nyuma yake kelele za chupa za soda. "Nikuitie nani?"

Kumbe ilikuwa simu ya duka, ya kuitia majirani. Nikalainisha sauti. "Niitie yule anayepigiwa kutoka Kibiti."

"Aa, mama mgonjwa! Leo si siku yake, dada. Yeye Jumanne na Ijumaa. Mwanawe hupiga saa saba, nasi twamtuma mtu amlete. Huja kashikwa mkono, maskini, akakalishwa hapa kwenye gunia la mchele, akangoja."

"Mwanawe anaitwa nani?"

"Jina silijui mie. Hupiga tu akasema, niitieni mama. Sauti ya kiume, ya adabu."

Nikashukuru, nikaweka simu. Nilikuwa nimepata neno moja, nalo lilinitosha: mwanawe. Mwanamume. Mama yake Huseni alifariki zamani na kaburi lake liko Ruaruke, kwa hiyo kuna mwanamume mwingine anayekalia kiti cha mapokezi saa saba mchana. Na nani anaweza kumkalisha mwanamume pale kama si mwenye kiti? Usiku huo nilimpangia Mwanabaraka kaka, mchumba na hawara, wote na mama mgonjwa Dar es Salaam.

Alhamisi asubuhi sikumwita ofisini. Nilimwendea palepale mapokezi, maofisa wawili wa misitu wakiwa wanakunywa chai, kwa kuwa niliamini aibu hufungua mdomo haraka.

"Mwanabaraka, unamwingiza nani humu saa za chakula?"

"Simwingizi mtu, mama."

"Unampa namba ya Huseni apige Dar."

"Namba ipi?"

"Unaijua."

"Nitajie basi."

Nikaiandika kwenye kipande cha karatasi, nikamsukumia. Aliitazama. Kisha, badala ya kuogopa, akacheka. Si kicheko cha dharau. Alicheka kama mtu aliyeonyeshwa chumvi akaambiwa ni dawa ya siri.

"Hii ndiyo siri? Mama Deo jamani! Saba nane sita? Hii si hesabu ya Bismillahi? Kila herufi ina namba yake, ukizijumlisha zote ndiyo hii. Huseni kaiandika mlangoni kwake, kaiandika kwenye boti yenu, tena kwa rangi nyekundu. Iko kwenye lori la chumvi pale kituoni. Mie mwenyewe ungenipa ruhusa ningeandika hiyohiyo."

Maofisa wa misitu wakaacha kunywa chai. Nikasikia masikio yananichoma. Miaka sita nilikuwa nikipanda ile boti, na ile rangi nyekundu nilidhani ni namba ya usajili. Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili. Lakini hasira ilikuwa imeshanipanda, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natazama chini:

"Basi mwizi ni mmoja wenu."

Kicheko chake kikakatika.

"Mmoja wetu nani?" Alisimama. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka ishirini na hakuwahi kusimama mbele yangu namna ile. "Ijumaa saa saba wanaume wetu wako wapi? Msikitini, wote, mpaka mlinzi. Nami niko kwa mama naswali. Jumanne saa saba wewe mwenyewe wanituma posta na furushi la barua. Kitini hapa hukaa nani, Mama Deo?"

Nikakitazama kiti.

"Hukaa Mwalimu. Wewe ndiye uliyempanga. Ulisema ofisi haiachiwi mtu usiyemwamini."

Mwalimu ni mume wangu. Sixtus, Mkerewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, siku hizo mbili hana vipindi vya mchana. Mimi mwenyewe nilimwomba aje akae pale mpaka nirudi kutoka nyumbani na chakula chake. Nilikuwa nimemshuku nahodha, binti wa mapokezi, kaka yake asiyekuwepo na mchumba wake asiyekuwepo, na mwanamume mwenye sauti ya adabu aliyekaa pale kwa amri yangu sikumhesabu. Nilirudi ofisini kwangu bila kumwomba Mwanabaraka radhi. Bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea: mama yake Sixtus yuko Ukerewe, si Dar. Nilijua hivyo.

Ijumaa saa saba kasoro nilichukua kikapu kama kawaida, nikamwacha mume wangu amekaa mapokezi na gazeti. Nilifika kwenye kona ya posta, nikarudi kwa nyuma, kupitia banda la jenereta. Nikasimama kwenye korido na kikapu kitupu mkononi, nikijisikia mwizi mimi.

Alikuwa anaongea Kikerewe. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na katika lugha hiyo mimi najua salamu na neno la chumvi. Lakini sauti niliielewa. Sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Ilikuwa sauti ya mtoto anayembembeleza mama yake ale. Kisha nikasikia jina langu, na baada ya jina langu maneno ya salamu, yale ninayoyajua. Alikuwa anamfikishia mama yake salamu zangu. Mimi sikuwa nimetuma salamu yoyote.

Nikatokeza. Sixtus akaniona, akafumba macho kidogo, hakuweka simu. Nikanyoosha mkono. Akanipa.

"Consolatha?" Sauti ilikuwa nyembamba, Kiswahili cha ziwani, pumzi ikikatika kila baada ya maneno mawili. "Ni wewe kweli?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Mungu akuzidishie. Sixtus ameniambia ni wewe unayempa ruhusa ya kunipigia. Nimewaambia hata hapa dukani, mkwe wangu ndiye mwenye simu, ndiye anayeruhusu. Wengine wasingekubali. Nilikuwa nataka nikuambie mwenyewe, mwanangu, kwamba..."

Kisanduku kikakata. Dakika ya kumi na mbili.

Nilibaki nimeshika simu inayolia. Na neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa hili:

"Namba ya Huseni uliipata wapi?"

"Si iko mlangoni kwake?" akasema Sixtus kwa uchovu. "Tunacheza bao pale kila Jumamosi anapokuwapo. Nikaitanguliza sifuri zifike nne, nikajaribu mara moja tu, ikakubali."

"Mama amefika lini Dar?"

"Mei. Dada alimleta hospitali."

"Miezi mitatu! Na mimi hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka juzi alipoanza kuumwa. Nikakuomba tutume kitu." Alikuwa anakunja gazeti, analikunja tena, hanitazami. "Ukanijibu, kwenu watu huumwa tarehe thelathini, mshahara ukitoka. Mshahara wangu unaushika wewe, Mama Deo. Ningepiga simu ya posta ungeniuliza shilingi imekwenda wapi. Hapa usingeniuliza mimi, kwa sababu namba ni ya Huseni."

"Kwa hiyo Huseni afukuzwe?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Afukuzwe? Nani anafukuzwa?"

Hakuwa anajua. Nikamweleza habari ya barua ya Jumatatu. Akaweka mikono juu ya magoti, akasema, "Andika jina langu."

"Nikiandika jina lako nimeandika langu. Nani aliyekukalisha hapa?"

"Andika hivyo hivyo."

Jumamosi na Jumapili tulinyamaziana. Tulikwenda kanisani tumekaa benchi moja, tukarudi tumeachana hatua tano. Yeye hakwenda kwa Huseni kucheza bao. Mimi nilikuwa napiga hesabu: ada ya Deo seminari, kodi ya nyumba, umri wangu, nani ataniajiri. Nilikuwa natafuta jina la tatu, lisilo la Huseni wala la Sixtus, na nilikuwa radhi kumtwika mtu yeyote.

Jumatatu Bwana Zebedayo alinikuta nimeshakaa mbele ya meza yake. Nilimwambia yote. Alisikiliza, akaenda akafunga mlango.

"Hili halijatoka nje?"

"Mwanabaraka anajua nani hukaa pale."

"Mwanabaraka ni mtoto wa mapokezi." Akavuta kiti karibu. "Mama Deo, wewe ni mwenzetu. Mwalimu ni mwenzetu. Tumekuja kwenye nchi ya watu, tunabebana. Namba ni ya nani? Ya Huseni. Alipaswa kuilinda, hakuilinda, kaiandika mpaka mlangoni. Hata bila uongo barua inaandikika. Weka sahihi tu, mengine niachie."

Na barua alikuwa ameshaiandika yeye. Ilikuwa pale, imechapwa, jina la Huseni Mbonde kwa herufi kubwa, chini yake nafasi yangu. Wiki moja nyuma ningeisaini nimesimama. Hata asubuhi ile mkono wangu ulikwenda kwenye kalamu, sitaki kujipamba. Kilichonizuia ni yule mama aliyekalishwa kwenye gunia la mchele, anawaambia watu wa dukani mkwe wake ndiye anayeruhusu.

Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma yake kwa mkono. Kwamba simu zilipigwa na Sixtus, mume wangu, ambaye si mfanyakazi wa mradi. Kwamba nilimweka pale mimi. Kwamba Huseni Mbonde hakumpa mtu namba yake. Nikasaini.

Bwana Zebedayo aliisoma mara mbili, akavaa miwani.

"Haya," akasema. "Nafasi ya kupunguzwa ilikuwa moja, na sasa imepata mtu. Mkabidhi binti wa mapokezi kisanduku chako, hatuna mwingine."

Nilimfundisha Mwanabaraka mchana kutwa: jinsi ya kumwongezea mtu ruhusa, jinsi ya kumpunguzia, jinsi ya kumtoa kabisa. Mtu wa kwanza aliyejifunzia kumtoa nilikuwa mimi. Alibonyeza vizuri, kwa mkono mwepesi. Nikamwambia nimekosa, kwa neno lile nililolisema mbele ya watu, na nimelijutia.

"Nimesikia, Mama Deo," akasema, akaendelea kuandika.

Hakusema amesamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai.

Huseni alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi, amevaa kanzu safi, anangoja kuitwa. Nikatoka na kikapu changu chenye vitu vyangu vya mezani, nikakaa kando yake, nikamweleza mwenyewe: nani alipiga, kutoka kiti gani, kwa ajili ya nani, na kwamba kazi yake iko palepale. Nilitegemea agombe. Nilitaka agombe.

Alisema alhamdulillahi, akapangusa uso. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu naye! Si angenambia? Twakaa naye kila Jumamosi. Angesema tu, Huseni, mama yangu mgonjwa, nikopeshe namba yako, ningempa. Namba ya kuzungumza na mama, mtu wamnyimaje?"

"Ungekuwa umevunja sheria," nikasema.

"Ningekuwa nimeivunja," akakubali. Akageuka akanitazama, uso wake umejaa huruma ya kweli. "Haya, na mama mwenyewe anaendeleaje? Anaumwa nini hasa?"

Nilifungua mdomo. Nilijua simu zile zilikuwa ngapi, zilianza saa ngapi, zilitumia meza ipi na zilikatika dakika ya ngapi. Anachoumwa sikuwa nimemuuliza mtu yeyote, si mwenye duka, si mume wangu, si mama mwenyewe.

Nikamwambia Huseni sijui.